Munawwar Ataelewa

Mjomba wangu Munawwar alikuwa fundi wa feni. Miezi ya joto, mji wetu wa Rampur, huku India, ukihema, watu walimletea feni zao zilizoungua wakiwa wamezibeba begani kama wagonjwa. Alizifungua, akachomoa nyaya zilizokufa, akasuka upya kwa waya mpya wa shaba, duru juu ya duru, midomo yake ikihesabu bila sauti. Kazi hiyo inataka subira, naye alikuwa nayo. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hakukuambia kuwa ni fundi wa feni. Alinyoosha kidole juu.

Juu ya paa lake la saruji walikaa njiwa thelathini na mmoja. Aliwalisha uwele uliopakwa samli, na wakati wa baridi aliwasagia lozi ambazo mkewe, Tasneem, alidhani amezificha vizuri. Kila alasiri alipanda na ufito wake wenye kitambaa cheusi kwenye ncha, akafungua banda, akawarusha. Walizunguka juu ya tangi la maji la mtaa, wakakutana na makundi ya mapaa mengine, wakachanganyika nayo. Hapo ndipo penye mchezo wenyewe: nani atawarudisha wake, na njiwa wa nani atasahau kwao akashukia sauti ngeni. Mjomba alipiga mbinja kwa vidole viwili, kisha akaita, "Aaa-o! Aaa-o!" kwa sauti nyembamba ya kubembeleza ambayo hakuwahi kuitumia kwa binadamu. Tasneem alisema hata siku ya harusi hakuisikia.

Watu wa njiwa mjini kwetu huwa na khalifa mmoja. Siku hizo alikuwa Achchan Mian, mwalimu wa mjomba. Khalifa halipwi chochote, ila pakitokea ugomvi wa njiwa neno lake ndilo la mwisho, na tangu siku anapofungwa kilemba hakuna anayethubutu kumwita kwa jina tupu. Akifa, hungojwa arobaini yake. Baada ya hitima, mabingwa wa miji jirani ya Bareilly na Moradabad hukaa uani kwake, hutangaza jina aliloliacha marehemu, na mkubwa wao humfunga mtu huyo kilemba mbele ya wote.

Kwa miaka ishirini na miwili mtaa mzima ulijua litakuwa jina la nani.

Mjomba mwenyewe hakulisema, lakini kila alichofanya kililisema. Alipopakisha rangi upya kibao cha duka, alimwambia mchoraji aache nafasi ya shubiri moja mwanzoni mwa jina lake.

"Hapa pakae nini?" mchoraji akauliza.

"Paache hivyohivyo. Patakuja kukaa kitu."

Na Bashshan, muuza tambuu wa ng'ambo ya njia, alimwamkia kila asubuhi kwa kelele: "Khalifa! Leo nikutilie chokaa kidogo au nyingi?"

"Acha hizo, bwana, mzee yuko hai," mjomba alijibu, naye anatabasamu mpaka masikioni.

Kisha Achchan Mian akapigwa na kiharusi, akalala miezi minane kabla ya kufa. Muda wote huo mjomba alikwenda kwake alfajiri na alasiri. Alimgeuza kitandani akisaidiana na mke wa mzee. Alimsukia upya feni yake ili ipepee bila kelele. Alipanda juu akawalisha na kuwarusha njiwa wa mzee, wa kijivu wote, ishirini na wanne, akiwaita kwa sauti ileile. Mzee, chini kitandani, nusu ya uso wake imeanguka, alisikiliza mbawa zikipiga juu ya dari na akafumba macho. Nilimwona mara moja akiwa hivyo. Sijui kama alikuwa akifurahi au akiaga.

Alikuwepo mwanafunzi mwingine, Nanhe, fundi wa kupaka chokaa, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mjane, ambaye hata siku ya Idi masikio yake yalikuwa na doa jeupe. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemshika mkono miaka hiyo ya nyuma akampeleka kwa Achchan Mian. Miezi minane ya ugonjwa Nanhe alikuwa Bareilly akipaka chokaa shule moja kubwa. Hata maziko hakuyawahi.

Siku tatu kabla ya arobaini nilikuwa jikoni kwa mjomba, nikinywa chai. Shemeji yake wa Bareilly alikuwa ameleta kitambaa cha kilemba, rangi ya waridi iliyofifia, kimepigwa wanga mpaka kinakwaruza. Kwetu kilemba hutoka ukweni kwa anayefungwa. Tasneem alikikunja upya mara ya tatu.

"Baba Sumbul," alisema, "tukiagiza barfi za kugawia mtaa kabla hawajatangaza, si tutakuwa tumejitangaza wenyewe?"

"Kilo tano. Mwenye duka la halua anataka apewe siku mbili."

"Na wakimtaja mwingine?"

Mjomba alicheka. "Mwingine yupi?"

Hakikuwa kicheko cha majivuno. Alikuwa amelizunguka swali hilo miaka ishirini na miwili na hakuona mlango mwingine.

Uani kwa marehemu tulikaa zaidi ya watu sitini. Hitima ilikwisha, ubani ukazimwa. Khalifa Sibtain wa Bareilly, mzee mnene mwenye sauti ya mwadhini, alijisafisha koo akageukia pazia ambalo nyuma yake alikaa mjane.

"Mama," alisema, "marehemu aliacha jina gani?"

Tulisikia bangili zikigongana. Kisha sauti, ndogo, kama ya mtu anayesoma barua ya watu.

"Alisema apewe Nanhe."

Sibtain aliinamia pazia kama mtu asiyesikia vizuri.

"Akasema," sauti iliendelea, "Munawwar ataelewa."

Nanhe alikuwa karibu na mlango, ameshika birika la maji ya kunawa. "Mimi?" alisema, akatazama nyuma yake, kama vile kuna Nanhe mwingine amesimama kwenye viatu vya watu.

Walimleta mbele. Sibtain akanyoosha mkono apokee kitambaa, mkono ukabaki hewani. Nanhe hakuwa na ukwe tangu mkewe afariki, na hakuwa amemtegemea mtu amletee chochote. Watu waliangalia mkeka. Lakini macho ya mtu hayawezi kuangalia mkeka muda mrefu, na moja baada ya jingine yalihamia kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa chini ya goti la mjomba.

Naye akautoa. Alinyanyuka, akatembea hatua saba, nilizihesabu, akampa Sibtain kile kitambaa cha waridi.

"Kiko hapa," alisema.

"Mashaallah!" Sibtain alipiga kelele. "Huyu ndiye mwanamume! Mnaona? Huyu ndiye mwanafunzi!"

Uani pote pakawa mashaallah. Mjomba alirudi kukaa, na nilipomgusa mgongo nikahisi shati lote limelowa.

Nyumbani barfi zilikuwa zimeshafika, sinia mbili zimefunikwa karatasi ya fedha. Tasneem alikuwa mlangoni. Habari zilimtangulia mjomba, kwa sababu mtaani kwetu habari hupita juu ya mapaa. Hakumwuliza kitu. Alimpokea kofia, akamwekea maji, kisha akajitupia mtandio na kubeba sinia moja, akaanza kugawa nyumba kwa nyumba.

"Za nini hizi, dada?" jirani aliuliza.

"Za kula."

"Nauliza kwa furaha gani?"

"Kwa furaha kwamba zimeshapikwa. Unataka au nipite?"

Walichukua. Kilo tano zilikwisha kabla ya magharibi, na nusu ya mtaa ilikula bila kujua iomboleze au ishangilie.

Kilichomuumiza mjomba siku zilizofuata hakikuwa dhihaka. Dhihaka alizijua. Bashshan alimwambia, "Kaka, kumbe miaka yote tulikuwa tunakuvika kilemba cha ukoka! Sasa ile nafasi ya kibaoni tuandike nini? Nina wazo: 'Mstaafu'." Mjomba alimjibu kwa tusi moja zuri na wote wawili wakajisikia nafuu. Kilichomuumiza ni sifa. Watu walimsimamisha njiani, wakamshika mkono kwa mikono miwili. Moyo mkubwa huo, kaka. Mzee alikujua. Ulivyoelewa! Na kila aliyesema neno hilo alimwacha amesimama na uso wa mtu aliyeulizwa njia ya mji ambao hajawahi kufika.

Aliacha kupanda juu. Tasneem ndiye aliyewalisha njiwa, akiwatukana kwa upole. Mjomba alirudi dukani akasuka feni. Na mara mbili, jambo ambalo halijapata kutokea, alikosea mwelekeo wa duru na feni zikazunguka kinyumenyume. Siku ya tatu nilimsikia akizungumza kwa simu na mtu wa Moradabad. Alikuwa akiuza njiwa wote. Mnunuzi angekuja Jumatatu.

"Uza," Tasneem alimwambia, akimenya vitunguu saumu. "Nitaanika pilipili juu kwa nafasi."

"Unafurahi?"

"Nifurahi nini? Nimelala miaka ishirini na miwili na mtu anayengoja arobaini ya mtu mwingine. Nilidhani ikipita nitapata mume."

"Mama Sumbul, maneno gani hayo."

"Ya kweli." Aliweka kisu chini. Nikaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa vitunguu. "Mimi nami nilijishonea nguo," alisema. "Unadhani wewe peke yako ndiye ulikuwa unangoja?"

Mjomba alichukua kile kisu akaanza kumenya, vibaya, na Tasneem akamwacha amenye.

Kuna desturi moja nyingine. Jumapili ya kwanza baada ya kufungwa kilemba, khalifa mpya huachiwa anga. Kuanzia alasiri hadi machweo, kila mtu hufunga njiwa wake, na khalifa hurusha kundi lake peke yake, mji mzima ukitazama kutoka juu ya mapaa. Nanhe alirithi njiwa wa kijivu wa Achchan Mian pamoja na kilemba. Ndio hao aliokuwa awarushe.

Tasneem aliniita. "Nenda juu ukakae na mjomba wako. Amepanda. Sipendi alivyopanda."

Nilimkuta amesimama karibu na banda, bila ufito. Mapaa yote yalikuwa yamejaa watu. Ng'ambo, nyumba sita kutoka kwetu, kilemba cha waridi kilionekana kidogo kama ua juu ya mtu mrefu. Wale njiwa wa kijivu walipanda, wakajikunja mara moja juu ya tangi la maji, wakang'aa upande mmoja, wakafifia, wakang'aa tena. Watu walipiga mbinja za kuwapongeza.

"Wazuri," nilisema.

"Wanakwenda kushoto mno," alisema mjomba. "Nanhe hawaongozi."

Kisha akanyoosha mkono akafungua komeo.

Nimemwuliza baadaye kama mkono ulifanya kwa mazoea. Ingekuwa rahisi kusema hivyo. "Hapana," aliniambia. "Nilijua. Nilijua ninachofanya kama ninavyokujua wewe."

Njiwa wake walikuwa na siku sita bila kuruka. Walitoka kama maji yanayovunja ukingo. Kutoka mapaa yote ilisikika sauti moja ya watu kuvuta pumzi, na juu ya ile sauti, Bashshan: "Munawwar! Huna haya, weye! Siku ya kwanza!"

Makundi mawili yalikutana, yakaingiana, yakawa moja. Yalizunguka mara tatu. Upande wa pili Nanhe alikuwa akiita. Nilisikia sauti yake nene ikivunjikavunjika. Mjomba aliweka vidole mdomoni akapiga mbinja. Kisha akaita, kwa ile sauti nyembamba ya kubembeleza.

Walishuka wote. Weusi, weupe, madoadoa, na katikati yao, bila kusita, wa kijivu ishirini na wanne. Walitembea kwenye saruji yetu wakitikisa vichwa, wakidai uwele. Hakubaki hata mmoja angani.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja mbali alicheka, akanyamazishwa. Nilimtazama mjomba nikitarajia kuona ushindi usoni mwake. Alikuwa amepauka. Alifunga mlango wa paa polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Hazikupita dakika kumi, tukasikia Nanhe chini. Tasneem alimpa maji kwanza. Hakumruhusu kupanda kabla hajamaliza gilasi. Alipotokea juu alikuwa amevua kilemba. Alikuwa akitweta. Masikioni, doa lake la chokaa. Aliwatazama njiwa, kisha akachuchumaa kando ya mjomba.

"Wamekuja wenyewe?"

"Nimewaita."

"Najua. Nimekusikia." Alimruhusu mmoja wa kijivu ampande kwenye kiatu. "Wanaijua sauti yako, kaka. Miezi minane ni wewe uliyewalisha. Mimi nikiwaita wananitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Nimewaita wiki nzima. Wewe umeita mara moja."

Mjomba alifumba macho. Nafikiri ndipo alipoona kwamba hata hilo halikuwa ushindi. Hakuwateka njiwa wa khalifa. Walikuwa wamerudi tu kwa aliyewalisha.

"Kaka, mimi sikukiomba," Nanhe alisema. "Nilikwenda Bareilly kukirudisha. Khalifa Sibtain amenifukuza. Amesema kilemba hakirudishwi, si shati."

"Alikuambia kwa nini?"

"Sibtain?"

"Mzee. Achchan Mian. Aliwahi kukuambia kwa nini wewe?"

"Hajaniambia kitu! Nilikuwa juu ya ngazi Bareilly na ndoo mkononi." Alimgeukia. "Mimi nilidhani wewe ndiye unajua. Nilikuwa naona aibu kukuuliza. Kila mtu anasema Munawwar ameelewa."

"Sielewi," alisema mjomba.

Alisema kwa sauti ndogo, kisha akairudia kwa sauti kubwa kiasi kwamba njiwa walisogea.

"Sielewi, Nanhe! Sijaelewa hata kidogo! Nimemgeuza yule mzee kitandani kwa mikono hii. Nimefikiri usiku na mchana. Sioni kitu. Sielewi!"

Nanhe alikaa kitako. "Alhamdulillahi," alisema, kwa moyo wake wote. "Basi tuko wawili."

Mjomba alimtazama. Kitu kilianza kutetemeka kwenye mashavu yake, nikaogopa kwamba ni kilio, na labda kilianzia hapo, lakini kilitoka kama kicheko, kibaya, cha puani, na Nanhe akakipokea, na wakacheka wale watu wazima wawili wameketi kwenye mavi ya njiwa mpaka Tasneem akapiga ufagio kwenye dari kutoka chini: "Mnauana huko juu au mnafanya nini?"

Njiwa waliotekwa hurudishwa kwa mkono, ndani ya matenga. Hivyo ndivyo walivyofanya jioni ile, safari mbili, mtaa ukitazama. Lakini kurudisha njiwa hakuwafanyi wawe wako, na wote wawili walilijua hilo. Wangefunguliwa kesho yake wangerudi palepale.

Jumatatu mnunuzi wa Moradabad alifika na gari dogo, akapewa chai, akaambiwa pole, akaondoka bila njiwa. Alasiri ya siku hiyo mjomba alivaa viatu akaenda kwa Nanhe. Nilikwenda naye. Mjomba alisimama juu ya paa la Nanhe, nyuma yake kidogo, na wakaita pamoja, sauti nyembamba na sauti nene. Njiwa walishukia sauti nyembamba. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya nne mjomba aliita mara moja tu akanyamaza, akimwachia Nanhe amalizie. Siku ya saba aliweka mkono wake mwenyewe mdomoni, kama mtu anayezuia kikohozi, kwa sababu njiwa walikuwa wamekwenda kushoto mno na kila kitu ndani yake kilitaka kuwaita. Nanhe aliita peke yake. Walizunguka. Walizunguka tena. Mmoja alijitenga akaelekea paa letu, nikamwona mjomba akimwangalia na macho yamejaa maji. Njiwa alifika nusu ya njia, akageuka.

Iliwachukua wiki tano. Ijumaa ya mwisho walishuka wote ishirini na wanne miguuni kwa Nanhe, kwa sauti yake, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kwa yule mtu aliyesimama nyuma. Nanhe, kwa furaha, alianza kuwamwagia nafaka kwa mikono miwili.

"Khalifa," mjomba alisema, "unawapa uwele mwingi mno. Watanenepa, watalala angani."

Lilikuwa neno la kawaida, limesemwa kwa ukali wa kawaida, ila hakuwahi kumwita Khalifa. Nanhe alisimama na mikono imejaa uwele, hakujua atazame wapi. Mjomba alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

Nyumbani aliomba chai. Aliinywa yote, akatazama ndani ya kikombe.

"Lakini mzee angeweza kuniambia mwenyewe," alisema.

"Angeweza," alisema Tasneem, akamwongezea chai.